Theluji Mlangoni: Namna ya Kuiondoa Bila Kumaliza Mshahara

Mtu anayehama kutoka Nakuru, Goma au Bujumbura kwenda kuishi Minnesota, Buffalo au Portland ya jimbo la Maine huambiwa mapema kuhusu koti zito, viatu vya manyoya na bili ya kupasha nyumba joto. Gharama ya kuondoa theluji huwa haitajwi. Maadamu anaishi kwenye jengo la ghorofa nyingi, kazi hiyo ni ya wengine. Siku anayopanga au kununua nyumba yenye njia ya gari na kijia cha waenda kwa miguu mbele yake, theluji yote inayoangukia hapo inakuwa yake.

Nayo si kidogo. Minneapolis hupata wastani wa inchi 51 za theluji kwa msimu, yaani kama sentimita 130. Buffalo, inayopigwa na mawingu yanayotoka Ziwa Erie, hupata karibu inchi 95, ambazo ni zaidi ya mita mbili na robo. Hata hivyo, wingi wa theluji sio unaomaliza fedha za watu. Kinachozimaliza ni kuchelewa. Theluji iliyoanguka usiku huondolewa asubuhi kwa koleo la dola 30. Ikikanyagwa na matairi, ikayeyuka kidogo mchana na kuganda tena jioni, inataka magunia ya chumvi, chuma cha kukwangulia na pengine kibarua wa kulipwa. Ikimwangusha mpita njia, inataka wakili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni wa barafu.

Kwa hiyo mwongozo huu una shauri moja kubwa, na mengine yote yanalifuata: wahi theluji, nunua vifaa vichache, na ushirikiane na majirani.

Jua wajibu wako kabla ya msimu

Katika miji mingi ya Marekani na Kanada, kukisafisha kijia kilicho mbele ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba. Minneapolis huwapa wenye nyumba za familia moja au mbili saa 24 baada ya theluji kukoma. Majengo makubwa ya kupangisha na ya biashara hupewa saa 4 za mchana tu. Saint Paul na Calgary pia hutoa saa 24. Ukipitisha muda, jiji linaweza kuleta watu wake wakasafisha, kisha bili ikaja kwako. Kama nyumba yako iko kwenye kona, safisha hadi kwenye mteremko wa kuvukia barabara, kwa sababu hapo ndipo anapopita mwenye kiti cha magurudumu na mama anayesukuma kigari cha mtoto.

Pili, jifunze kanuni za kuegesha gari. Theluji ikizidi, jiji hutangaza dharura, na kila upande wa barabara huwa na siku yake ya kuachwa wazi ili malori ya theluji yapite. Minneapolis hugawa zamu hizo kwa siku tatu. Gari litakalokutwa upande usio wake hutozwa faini na kuvutwa, na kulikomboa kunagharimu zaidi ya vifaa vyako vyote vya msimu mzima. Jiandikishe upokee ujumbe wa jiji kwenye simu. Huduma hiyo ni ya bure.

Tatu, kama wewe ni mpangaji, soma mkataba wako. Sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji kazi ya matunzo, kama vile kuondoa theluji, pale tu makubaliano yanapoandikwa waziwazi na mpangaji akapata malipo au punguzo la haki kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye nyumba akikuambia mlangoni, kwa mdomo tu, kwamba kuzoa theluji ni juu yako, una haki ya kuuliza: “Hilo limeandikwa wapi, na kodi inapungua kiasi gani?” Wapangaji wengi wa kwetu hubeba mzigo huu miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba wangeweza kupunguziwa kodi.

Vifaa vinne vinatosha kuanza

Usiingie dukani siku ya dhoruba. Siku hiyo makoleo mazuri yamekwisha, na yaliyobaki ni ya plastiki nyepesi inayovunjika ikigusa barafu. Nunua Oktoba, au bora zaidi Machi na Aprili, wakati maduka yanapunguza bei ili kupisha bidhaa za bustani. Maduka ya vitu vya mitumba na minada ya nyumbani, ambapo familia inayohama huuza vitu vyake, huwa na makoleo mazuri kwa dola chache.

Unahitaji koleo pana lenye uso uliopinda kwa ajili ya kusukuma. Koleo dogo lenye ncha ya chuma kwa ajili ya kunyanyua. Chuma bapa chenye mpini mrefu cha kukwangulia barafu. Na ufagio mgumu. Usiudharau ufagio. Theluji kavu ya inchi moja au mbili, ile inayoanguka kukiwa na baridi kali, hufagiwa kama vumbi, na mgongo wako hauhisi kitu.

Theluji nyevu ina tabia ya kung’ang’ania koleo hadi kila unapotupa nusu yake inabaki. Pulizia uso wa koleo mafuta ya kupikia, au usugue kwa nta ya mshumaa. Theluji itateleza, nawe utamaliza kazi mapema.

Zoa mapema, zoa mara nyingi

Chukua njia ya gari yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 10. Zikianguka inchi 6 za theluji ya kawaida, yaani sentimita 15, una karibu kilo 900 za kuondoa. Theluji nyevu ya Machi inaweza kufika mara mbili ya uzito huo. Hakuna mgongo unaostahili kubeba shehena hiyo kwa mkupuo mmoja. Dhoruba ikiwa ndefu, toka kila zinapofika inchi 3 hivi. Jumla ya uzito ni ileile, lakini kila koleo linakuwa jepesi, na theluji haipati muda wa kushindiliwa.

Zoa kabla ya kutoa gari. Tairi likipita mara moja tu juu ya theluji huacha mistari miwili migumu, na mistari hiyo ndiyo itakayokula chumvi yako yote baadaye. Kwangua hadi lami ionekane. Lami nyeusi hunyonya joto la jua hata siku ya baridi, na utando mwembamba uliobaki hukauka wenyewe. Jua linakufanyia kazi bure. Kazi yako ni kulifungulia mlango.

Namna ya kushika koleo nayo ina maana yake. Sukuma kila inapowezekana. Ukilazimika kunyanyua, tanua miguu, kunja magoti, weka mkono mmoja karibu na uso wa koleo, na ujaze nusu tu. Ukitaka kutupa pembeni, geuka na mwili mzima, miguu ikitangulia. Usiache miguu imetazama mbele huku kiuno kikijisokota, na usitupe juu ya bega. Bili moja ya daktari wa mgongo itafuta akiba ya misimu kadhaa.

Dawa ya tuta la mlangoni

Kila anayeishi kwenye nchi ya theluji anaujua uchungu huu: umemaliza kusafisha njia ya gari, umeingia ndani kunywa chai, kisha lori la jiji linapita na kuacha tuta la theluji ngumu kwenye mdomo wa njia yako. Tuta hilo lina vipande vya barafu na matope ya barabarani, na ndilo linalowafanya wengi wanunue mashine kubwa wasiyoihitaji.

Tuta hilo linaweza kupunguzwa. Simama kwenye mdomo wa njia yako ukitazama barabara. Kwa kuwa Marekani na Kanada magari hupita mkono wa kulia, lori la theluji litakuja kutoka kushoto kwako likielekea kulia. Kwa hiyo theluji unayotoa kwenye njia ya gari irundike upande wa kulia, maana ukiirundika kushoto lori litaikokota na kukurudishia. Kisha, upande wa kushoto, safisha kipande cha ukingo wa barabara chenye urefu wa mita 3 hadi 5, theluji yake ukiitupa kwenye nyasi. Lori likifika pale, mzigo uliojaa kwenye koleo lake unamwagika kwenye uwazi huo kabla halijafika mdomoni pako. Kinachobaki mbele ya njia ni kidogo, kinachoondoka kwa koleo la mkono. Kazi hii ya dakika 10 inaweza kukuepusha na mashine ya dola elfu moja. Angalia tu magari yanayokuja, wala usitupe theluji barabarani, kwa kuwa miji mingi inakataza.

Chumvi: kikombe kimoja kinatosha

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuimwaga chumvi juu ya theluji ambayo haijazolewa, kwa matumaini kwamba itaimaliza. Chumvi haikuumbiwa kazi hiyo. Kazi yake ni kuachanisha barafu na sakafu, ili koleo liimalizie. Zoa kwanza, kwangua, ndipo unyunyize.

Wakala wa jimbo la Minnesota unaosimamia usafi wa mazingira hufundisha kipimo rahisi: chumvi inayojaa kikombe kimoja cha kahawa, cha wakia 12, inatosha njia ya gari yenye urefu wa futi 20, au vipande 10 vya zege vya kijia. Punje zitawanyike, kati ya moja na nyingine pawe na nafasi ya inchi 3 hivi. Punje zikionekana zimerundikana baada ya sakafu kukauka, zifagie uziweke kwenye ndoo kwa ajili ya theluji ijayo.

Angalia pia kipimajoto. Chumvi ya kawaida ya mawe huacha kufanya kazi vizuri sakafu ikishuka chini ya nyuzi 15 za Farenihaiti, ambazo ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Wastani wa joto la Januari mjini Minneapolis unakaribia hapohapo. Maana yake ni kwamba siku nyingi za mwezi huo, chumvi unayomwaga ni hela unayomwaga. Kwa baridi hiyo kuna kloraidi ya kalsiamu na ya magnesiamu, ambazo huyeyusha barafu kwenye baridi kali zaidi lakini bei yake ni kubwa. Zitumie kwenye ngazi na mlangoni tu. Kwingine mwaga mchanga. Hauyeyushi kitu, ila unamzuia mtu kuteleza katika baridi yoyote. Miji kadhaa, Minneapolis ikiwemo, huwapa wakazi mchanga wa bure. Unakwenda na ndoo yako na koleo.

Kuna sababu nyingine ya kubana mkono. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na ikishaingia ziwani hakuna njia nyepesi ya kuitoa. Chumvi nyingi pia hula zege, huua nyasi za ukingoni na kuchoma nyayo za wanyama.

Chunguza vilevile barafu inayojirudia mahali palepale. Mara nyingi chanzo chake ni bomba la mvua kutoka paani linalomwaga maji kijiani. Kuligeuza bomba hilo lielekee bustanini ni kazi ya jioni moja, na inaokoa chumvi ya kila wiki.

Je, unahitaji mashine?

Piga hesabu kabla ya kutamani. Njia fupi ya gari moja, mtu mwenye afya huimaliza kwa koleo. Njia ndefu, nyumba ya kona au mgongo mbovu ni sababu za kweli za kununua mashine ya kurusha theluji.

Zipo za aina mbili kubwa. Ndogo, nyingi zikiwa za umeme au betri, zina mapanga ya mpira yanayogusa sakafu. Zinafaa kwa lami na kwa theluji isiyozidi inchi 8 hivi. Kubwa zina parafujo ya chuma na feni ya kurushia. Zinaweza kulimudu tuta la lori na zinafaa kwenye njia ya kokoto. Mkazi wa Buffalo ana sababu ya kutafuta kubwa. Mkazi wa Minneapolis mwenye njia fupi ya lami, mara nyingi ndogo inamtosha.

Mashine iliyotumika yaweza kuwa nafuu nzuri ukiikagua. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwa sababu injini ya petroli iliyokwisha kupata moto huwaka kirahisi hata kama ni mbovu. Tazama kama parafujo imepinda, kama kuna kutu chini, na kama akiba ya pini za usalama ipo. Pini hizo hukatika kwa makusudi jiwe linapokwama ili kulinda gia za mashine. Ni za bei ndogo, lakini ukikosa moja usiku wa dhoruba mashine haina kazi.

Kinachoua mashine za petroli ni mafuta yaliyolala tangu Aprili. Mwisho wa msimu, iache injini iwake mpaka mafuta yaishe, au changanya dawa ya kuyahifadhi. Badilisha oili mara moja kwa mwaka. Hayo mawili yatakuepusha na gharama ya kusafisha kabureta kila Desemba.

Ukiamua kumlipa mtu

Wapo wanaotoza kila wanapokuja na wapo wanaotoza kwa msimu. Kumbuka kwamba misimu haifanani. Minneapolis ilipata zaidi ya inchi 90 msimu wa 2022 hadi 2023, na mwaka uliofuata karibu inchi 30 tu. Aliyelipa kwa msimu alifaidi mwaka wa kwanza na kupoteza wa pili. Kama bajeti yako haivumilii mshtuko, mkataba wa msimu unakupa uhakika. Kama una akiba kidogo na koleo lako liko tayari, lipa kwa safari, tena kwa dhoruba kubwa pekee.

Mkataba uandikwe, na ujibu maswali haya: Anakuja theluji ikifika inchi ngapi? Tuta la lori limo kwenye bei? Kijia na ngazi je? Chumvi inatozwa peke yake? Ana bima akivunja kitu? Usimlipe mgeni aliyebisha hodi fedha za msimu mzima mkononi. Ukichukua mkataba mwezi Septemba, kabla simu zao hazijaanza kuita, una nguvu ya kupatana bei.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Akiba kubwa kuliko zote imo kwenye jambo tulilokuja nalo kutoka nyumbani. Watu waliolelewa kwenye chama, upatu na likelemba hawahitaji kufundishwa kununua kitu kwa pamoja. Tuseme mashine ya dola 600 inanunuliwa na nyumba tatu zinazofuatana, na inadumu misimu mitano: kila nyumba imetoa dola 40 kwa msimu, chini ya bei ya kumwita mtu mara mbili. Andikeni tu mapema inalala kwa nani, nani ananunua oili, na ikiharibika mnachangaje.

Asiyetaka kununua anaweza kuazima. Minnesota Tool Library na The Tool Library ya Buffalo huazimisha vifaa kwa wanachama kama maktaba inavyoazimisha vitabu. Wazee na wagonjwa wapige 211, namba ya bure inayowaelekeza wakazi kwenye huduma za kijamii za eneo lao. Sehemu nyingine wapo vijana wa kujitolea wanaozolea wazee theluji. Kama una mzee wa jirani, msafishie kijia chake unapofanya chako. Hutatumia hata senti moja.

Mahali pasipobanwa matumizi

Usibane kwenye uhai. Baridi hubana mishipa ya damu huku kunyanyua koleo kukiupa moyo kazi ya ghafla, na kila msimu watu huanguka wakizoa. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amwachie mwingine kazi hii, na hapo kulipa ni halali kabisa. Kifua kikibana, pumzi ikikata au mkono ukiuma, acha koleo na piga 911.

Usiwashe mashine ya petroli ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Parafujo ikikwama, zima injini, subiri isimame, na utoe theluji kwa fimbo. Kamwe usitumie mkono, kwa maana mashine iliyozimwa bado inaweza kuzunguka. Baada ya kila dhoruba, safisha theluji iliyoziba mabomba ya plastiki ya kutolea moshi wa hita ukutani, na bomba la moshi la gari kabla ya kuliwasha. Kaboni monoksaidi inayorudi ndani haina harufu, na imeua familia zilizolala. Kifaa cha kuitambua ni cha bei ndogo. Weka kila ghorofa.

Ratiba ya mwaka

Septemba, linganisha mikataba na uongee na majirani. Oktoba, pima vifaa, geuza mabomba ya mvua, na uchomeke vijiti vya alama kando ya njia kabla ardhi haijaganda. Novemba, chukua mchanga wa bure na weka chumvi mahali pakavu. Desemba hadi Februari, wahi theluji kila inapoanguka. Machi na Aprili, maliza mafuta ya mashine, na nunua koleo la pili kwa bei ya mwisho wa msimu. Hilo la pili liwekee familia itakayowasili mwaka huo kutoka kambi ya wakimbizi au kutoka nyumbani, na ukiwapelekea, waonyeshe pia lori la theluji linakotokea.